Betri za Tarehe Ishirini na Nane

Kanda ilitoka kwenye bati la biskuti,
chini ya stakabadhi za kiwanda cha pamba
na leso iliyoliwa na nondo.
Ubavuni, mwandiko wa baba: ROKI. USIFUTE.
Jina la bendi hakuandika, wala la wimbo.

Wiki tatu, Nyalenda, chumba kimoja,
kaka yangu Ogweno na gitaa lake jekundu,
mimi na besi niliyoazimwa na kanisa
kwa sharti irudi isinuke sigara.

Tukasikiliza. Tukarudisha kanda kwa kalamu,
maana kitufe kilishakufa.
Tukasikiliza tena, sikio nimelibandika kwenye spika
kama daktari na kifua cha mgonjwa.

Besi ile haina haraka.
Inatembea kama mtu anayehesabu ngazi gizani:
inaweka mguu, inangoja,
inaweka mwingine.
Noti ya nne huja imechelewa,
nusu ya kope tu,
na utamu wote umo mle.
Siku tano nilichelewa kupita kiasi.
Siku ya sita nikawahi.
Ogweno akasema: wewe unaipiga, yeye anaiacha idondoke.

Kisha katikati kuna kijiko kinachoanguka,
kling, sakafuni.
Mukoya wa ngoma, kijana wa Mumias asiyeshangaa ovyo,
alikipiga kwenye chupa ya Fanta, pale pale kinapoangukia.

Lakini kulikuwa na jambo.
Tukianza kwenye mi, tuko nao bega kwa bega.
Ubeti wa pili wametuacha.
Mi tumeshaitoka, fa hatujaifika,
tumesimama kizingitini kama wadai.
Mwishoni wao wako fa kamili, na mbio juu.
"Hawa ni mafundi," akasema Mukoya.
"Wanaumuka wote pamoja, kama unga wenye hamira."

Tukawaheshimu. Tukajaribu kuumuka.
Nilikuwa nakaza uzi huku napiga,
ukakatika, ukanichapa shavuni.
Ndipo Ogweno akaleta koleo,
akang'oa vyuma vya shingo ya besi kimoja kimoja,
vya besi ya kanisa,
kila kimoja kikilia kidogo kikitoka.
Ikabaki mbao tupu.
Kidole kikateleza kutoka mi hadi fa
bila kukanyaga ngazi hata moja,
na kwa mara ya kwanza tukafika nao.

Jumamosi Mukoya alikuja na simu.
Ameupata wimbo, safi, bila vumbi.
Tukakaa kitandani watatu.

Haupandi.
Unaanza mi na unaishia mi,
umetulia palepale kama hakimu.
Wala kijiko hakipo.

Mvua ilishuka juu ya mabati, hakuna aliyesema kitu.
Mama alikuwa mlangoni akichambua omena.
Hakuinua uso.
"Zile betri," akasema.
Betri zipi?
"Za mashine ya baba yenu.
Aliielekeza kwenye redio ya jirani, dirishani.
Betri alikuwa amezianika juani, amezing'ata,
zikawa zinakata roho huku anarekodi.
Nikamwambia ngoja mshahara.
Tarehe ishirini na nane, nani ana pesa?
Akasema wimbo haungoji mshahara."

Mashine ilikuwa inachoka, kanda ikijivuta;
sisi tukaichezesha kwa umeme wa deni
na uchovu wake ukageuka mbio.
Na kijiko?
"Changu," akasema mama. "Nilikitupa. Nilikuwa na hasira."

Ogweno akazima simu.
Tukapiga ule wa kwenye bati, wote,
kuanzia betri zikiwa na joto la jua
hadi pale zilipokufa.
Kwenye kijiko Mukoya aliinua mkono, akangoja.
Mama akaangusha sufuria.

Jumapili besi ilirudi kanisani, imefutwa vizuri,
hainuki kitu.
Mchungaji bado hajaitazama shingoni.
Ila nasikia kwaya siku hizi,
ikifika ubeti wa tatu,
inapanda.