Kungwi Awa Mwali

Otilia ananiambia: kaa hapa, mama, benchi la mbele.
Otilia, ambaye mimi nilimfundisha kukaa.
Nilimtoa mwali kwa vigelegele, mwaka ule wa mvua nyingi,
nikamfunga nguo kiunoni, nikamwambia: ya humu yabaki humu.
Leo ana chaki mkononi na daftari la mahudhurio,
nami naitika jina langu: Somoe Nambunga, nipo.

Jumamosi, saa tisa, kigangoni kwetu, nje kidogo ya Nyangao.
Wakatekumeni tuko saba. Dereva wa trekta, mke wa fundi cherehani,
kijana aliyekuja kwa sababu ya mchumba (hatumcheki),
na mimi, miaka hamsini na minne, miwani ya kuazima.

Sisomi vizuri. Kwa hiyo Nasadiki naibangua,
korosho moja, neno moja.
Mwumba mbingu, ta! na dunia, ta!
Ganda linatema utomvu, vidole vinababuka.
Punje nzima naweka kulia, iliyovunjika kushoto,
na maneno vivyo hivyo.

Lipo moja linalovunjika kila siku.
Maondoleo ya dhambi.
Hapo ulimi unaruka kama mbuzi kwenye mfereji,
unatua kwenye ufufuko wa miili.
Otilia hanigombezi. Anasema tu: rudia.
Neno langu mwenyewe hilo! Nilikuwa nikimwambia yeye
usiku kucha, ngoma zikipashwa motoni.

Anajua. Kijiji kizima kinajua
mikorosho mitatu ya mpakani, mimi na Esha Lipande,
miaka kumi na mmoja hatuombani chumvi.

Kwaresima hii, ya pili yangu, padri alikuja kutupaka mafuta.
Mimi mafuta niyajuayo ni ya ganda, yanayounguza;
nikafumba macho, nikayasubiri.
Hayakuunguza.
Yalitulia kifuani, vuguvugu, kama mtoto aliyesinzia.
Nikakasirika, sijui kwa nini. Nililia njia nzima,
na yule kijana wa mchumba akanibebea mkoba, kimya.

Jina la ubatizo bado sijachagua.
Otilia ameniandikia matano kwenye karatasi, liko moja refu kama treni.

Jana jioni nilichemsha mbaazi, nikajaza bakuli,
nikavuka pale mpakani.
Esha hakunikaribisha. Hakunifukuza.
Alipokea bakuli, akaonja kwa kidole, akasema:
hazina chumvi.
Akaingia ndani kuifuata.