Glavu za Tauno

Fomu ilitaka majina mawili:
mshambuliaji, mshambuliwa.
Nikaandika T. Nikaandika A.
Kalamu ikasita
kama mguu ulioshukia ngazi isiyokuwepo.

Kemi, Novemba. Saa tisa alasiri
giza limeshabandika uso wake dirishani.
Tauno, miaka arobaini kiwanda cha karatasi,
anainuka: zamu yake imeanza.
Anatafuta glavu.
Hazipo.

Zimo mfukoni mwa Aune,
pamoja na vijiko vinne, rimoti, soksi moja ya mtu
na kipande cha mkate kilichoviringwa shashi.
Aune anawawekea watoto.
Kitinda mimba wake ana miaka sitini na moja.

Basi huyu akamwona mwizi,
na yule akaona jitu lisilo na jina
limemziba njia, linanguruma.
Kiwiko. Ukuta. Sakafu.
Mfupa wa mkono uliita mara moja tu,
kama ukuni mkavu.

Hasira hasara, watu husema.
Lakini nilikuwepo, nikauona uso wake:
ulikuwa uso wa mtu aliyechelewa kazini
na wa nyumbani wanamtegemea.

"Mhamisheni," binti wa Aune alisema kwa simu,
sauti imekazwa kama skrubu.
Sikumlaumu. Mama ni mama.
Daktari akataja kidonge.
Meneja akataja mlango wa kufuli.
Mimi nikaomba wiki mbili na daftari.

Jumatatu: televisheni inapayuka, hakuna anayeitazama.
Jumatano: kibofu kimemjaa, hajui kusema, anazungukazunguka.
Alhamisi: Aune kakalia kiti cha dirishani,
Tauno kasimama nyuma yake, ngumi zinafumba, zinafumbua.
Nikamwita twende tukakunje taulo. Akaja.
Ijumaa: tena saa tisa.
Jumamosi: tena.
Neno "mkorofi" sikuliandika.

Siku ya kumi nilivua koti langu mlangoni
na Ilona akawa anavaa lake,
funguo zikilia, buti zikigonga,
"haya, kwaheri, kesho," wote kwa pamoja —
nikageuka nikamwona Tauno anatutazama
kama mfanyakazi atazamavyo wenzake
wakipishana getini.

Ni sisi.
Ni sisi tuliokuwa tukipiga king'ora cha zamu
kila siku, saa ile ile,
kisha tunaandika jina lake kwenye fomu.

Sasa tunabadilishana chumba cha nyuma, kimya,
makoti yamefungiwa kabatini.
Taa tunawasha saa nane, kabla giza halijabisha hodi.
Kiti cha dirishani kimepata pacha.
Na sokoni kwa mitumba nimenunua glavu,
jozi saba, ngozi iliyokwisha kulainika kwa mikono ya wengine.
Iba, Aune. Weka akiba. Zipo.

Nisijisifu. Jumapili iliyopita mkono uliinuka tena.
Ilona hakupiga kelele, hakumshika.
Alisimama ubavuni, akasema taratibu:
"Tauno, mashine ya tatu imekwama."
Mkono ukabaki hewani, ukafikiri,
ukashuka juu ya bomba la joto
na kulipapasa, kulisikiliza.
Aune, na hogo lake jeupe, akauliza:
"Huyu kijana ni wa nani? Amekula?"
Binti yake alikuwapo. Alitoka nje kidogo.
Aliporudi, theluji begani, hakutaja kuhamishwa.
Hakutaja kusamehe pia.

Fomu bado ina nafasi mbili.
Nimechora ya tatu kwa rula:
ilikuwa saa ngapi, na sisi tulikuwa wapi.
Meneja anasema haitaingia kwenye kompyuta.
Nitaijaza hivyo hivyo, kwa mkono,
nikiipata kalamu.
Sijaiona tangu jana.
Mfuko ilimo naujua.