Hakuoa

Tulikutana mbele ya stesheni saa mbili asubuhi.
Wageni watatu, walimu wawili kutoka Geita,
bwana mmoja aliyekuja kwa sababu mkewe amekuja,
na mimi, niliyelipa elfu kumi na tano
nionyeshwe mtaa niliozaliwa.

Mwongozaji, Luhende, kijana wa sauti ya mnadani,
alitutazama viatu kwanza.
"Polepole," akasema. "Mawe haya hayaendi popote."

Makoroboi. Hekalu limeegemea jabali,
na chini yake nyundo juu ya makopo ya rangi.
Mwalimu mmoja akanunua koroboi,
akalinusa, kana kwamba mafuta ya taa
ya usiku wa mitihani yangekuwa bado mle.

Mirongo alituvusha mbiombio,
mto ule siku hizi hauna hadithi, una harufu.

Kisha nyumba: nguzo mbili, kibaraza cha saruji,
mwaka juu ya mlango uliopoteza tarakimu,
jina la Kigujarati lililopigwa chokaa mara tano
na bado linachungulia kama jino jipya.
Hapa Mwarabu wa ngozi. Pale Mmanyema wa madrasa.
Mkerewe, fundi cherehani, alipanga chumba cha uani.
Watoto wao walitukanana kwa lugha nne
na kuombana msamaha kwa moja.
Akasema mtaa huu ni pilau.
Kila mwongozaji lazima aseme pilau.

Tulipofika nilijua kabla ya kona,
kwa ule mteremko mdogo
ambapo baiskeli huacha kuhitaji miguu.

"Nyumba ya Kantilal Jivraj, mnunuzi wa pamba.
Alikuja na sanduku moja, akaondoka na matatu.
Hakuoa.
Alikula peke yake kwenye meza ya watu kumi na wawili.
Na tundu hili kwenye ngazi ya tatu
alilichonga kwa ajili ya maji ya ndege.
Alipenda sana ndege."

Hakuoa.
Ni kweli. Hakuna cheti,
hakuna mahari iliyovuka maji kwenda Ukara.
Kulikuwa na Nyanzobe tu,
aliyeajiriwa kuosha vyombo mwaka wa mvua nyingi
na akaacha kulala jikoni kabla ya kiangazi.
Nyanzobe aliyekaanga furu uani
mpaka mla mboga yule akasimama dirishani,
akavuta pumzi, akanyamaza.
Viti sita vya meza ile vilikuwa na alama za meno ya watoto.
Mama yangu alikuwa wa tatu.
Shuleni walimwita chotara, kwa sauti ya kuswaga mbuzi.
Ukara walimwita Mhindi.
Wahindi hawakumwita.

Masanduku matatu, ndiyo.
La nne lilibaki.
Bibi alitia humo udaga hadi mbao zikaoza.

"Maswali?"
Mgeni akauliza kuhusu boriti za dari.
Mgeni mwingine akauliza choo.
Nami, mkono juu kama mtoto wa darasa la pili:
"Nani alikuwa anapika?"

Luhende akageuza karatasi yake, akaigeuza tena.
"Hapa haijaandikwa."

Nikapanda ngazi mbili, nikachuchumaa kwenye ya tatu,
nikaingiza ngumi tunduni. Ikaenea.
"Pilipili," nikasema. "Na chumvi ya mawe.
Miaka ishirini na mmoja, jiwe juu ya jiwe.
Ndege gani anywe hapa?"

Akaja naye akachuchumaa.
Akazungusha kidole ndani, akakinusa,
kama yule mwalimu na koroboi lake.
Kundi likasubiri juani.
Ni yule bwana, aliyekuja kwa sababu ya mkewe,
ndiye aliyeuliza jina.

Nikamtajia. Mara mbili,
maana lori la dagaa lilikuwa linapita.