Picha Namba Kumi na Moja

Ufunguo unakaa kwangu, ndani ya kopo la unga.
Halmashauri haina pesa ya mlinzi
na mimi hata hivyo huamka kabla ya jogoo.
Ukitaka kuingia, gonga mlango wenye pazia la kijani.
Nikiwa kwenye zeituni, piga honi. Nitateremka.

Hapa palikuwa shule. Tulikuwa arobaini na wawili.
Wa mwisho, mjukuu wa Olímpio,
alizima taa mwenyewe akaenda Ufaransa na mama yake,
darasa likawaachia popo miaka sita,
mpaka kifo cha Adérito Quintanilha kilipoandikwa gazetini
na watu wa mjini wakatuuliza: kumbe ni wenu?
Wetu. Wa nani tena?

Aliondoka ana miaka kumi na saba, usiku,
akavuka mpaka na viatu shingoni asiamshe mbwa.
Mcheza kwao hutunzwa; huyu alicheza ugenini,
mchana akipaka rangi kuta za wenye nazo,
usiku akipaka zake,
na tuzo ikatufikia sisi tusiomtunza,
maboksi kumi na tisa, kamba juu ya kamba.

Nisiseme uongo. Tulipofungua, tulinyamaza.
Hamna kanisa. Hamna mlozi. Hamna uso wa mtu.
Mistari, na kutu, na weupe kama wa chokaa.
Padri akakohoa.
Mke wa mwokaji akasema: mimi huo nikimwaga mchuzi
nalaumiwa.
Tukazitundika, misumari ile ile ya ramani.

Ya kumi na moja tuliiweka karibu na dirisha,
na Olímpio, mchunga mbuzi,
mtu wa maneno matatu kwa wiki,
akasimama mbele yake, kofia mkononi.
"Korongo letu," akasema. "Pale walipoanguka mbuzi wangu.
Njia hii. Maji haya. Huu weupe
ni theluji ya mwaka ule."
Tukatazama. Haki ya Mungu, lilikuwa korongo.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa,
watu walikuja kubishana
mpaka wa nani umepita wapi chini ya rangi.
Mjane Zulmira alikiona hata kisima cha baba yake,
akaweka kidole, nikamkemea.

Miaka minane.

Kisha akaja Daktari Teles kutoka Lisboa,
miwani machoni, na mingine kichwani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: nikamkatia jibini.
Alipofika ya kumi na moja akacheka polepole,
akaishusha, akanionyesha nyuma
mshale wa penseli.
"Mama, mmeitundika kichwa chini."

Tukaigeuza. Ikawa sahihi.
Ikawa mistari, na kutu, na chokaa.

Olímpio alikuja Jumapili, akaitazama, akavaa kofia.
Wiki tatu hatukumwona.

Nami usiku silali, nahesabu nguzo za dari,
ndipo nikakumbuka benchi.
Tulikaa pamoja, mimi na Adérito, safu ya nyuma,
na mwalimu akitoka kuvuta tumbaku
yeye alijilaza chali,
kichwa kikining'inia, nywele zikifagia sakafu,
akitazama bonde dirishani.
"Felisbela, angalia, mbingu inakanyagika."
Sikuangalia. Niliogopa kiboko.
Yeye alichapwa kwa wote wawili.

Benchi lilikuwa zizini kwangu, kuku wanatagia.
Nimelisugua kwa majivu, nikaliweka chini ya dirisha.
Mshale tumeuheshimu; picha imekaa anavyotaka Daktari.

Lakini ukifika Jumapili, usicheke
ukimkuta mzee wa miaka themanini na mitatu
amelala chali katikati ya makumbusho,
kofia tumboni, damu imemjaa usoni,
akihesabu mbuzi.
Subiri amalize.
Halafu vua miwani, ulale wewe.
Kichwa nitakushikia.