Ukaguzi wa Saa Nane Usiku

Saa nane usiku nawasha taa bila kupiga hodi,
mgahawani kwangu, Mwanga, hatua chache kutoka sokoni.
Watu husema mende kaangusha kabati.
Langu hakuliangusha.
Alihamia, na ukoo wake.

Nilidhani ni unga wa kahawa, ule mweusi nyuma ya droo;
nikaufuta, kesho yake ukarudi.
Nilidhani ni kunde, ile punje kando ya bawaba.
Nyabenda, mpishi wangu, akaipasua kwa ukucha:
"Mama, hii si kunde. Huu ni uzazi."

Na ile harufu ya mafuta yaliyochacha,
wateja wakaisingizia migebuka.

Nikamlaumu jirani, fundi viatu.
Nikalaumu treni na maboksi ya mayai kutoka Tabora.
Nikapuliza dawa hadi sufuria zikanuka;
wakaingia ukutani, wakarudi na wajukuu.

Basi sasa boksi halivuki kizingiti,
mayai yanahamishwa nje, juani.
Chini ya friji tunapangusa kama tunaogesha kichanga, kila kunjo.
Bomba halidondoki tena:
mende njaa anaiweza, kiu hapana.
Sahani hailali chafu.
Na ufa wa ukutani tumeuziba,
fundi viatu kwake, mimi kwangu,
siku moja, saruji ya ndoo moja.

Usiku huu yupo mmoja tu,
juu ya redio ya marehemu baba,
anapunga masharubu.
Redio hiyo haijafunguliwa tangu msiba.

Kesho naazima bisibisi.