Tulipofika Kwenye Leo

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Huja usiku juu ya bati kama mtu anayemwaga maharage,
na chini ya kelele hiyo nilijifunza kulala uongo:
pumzi ndefu, mdomo wazi kidogo,
huku kichwani napiga hesabu za mkopo.
Milioni mbili na laki nne.
Miche mia moja ya parachichi,
arobaini imekauka kuanzia mizizini,
na barua ya benki nimeikunja mara nne
ndani ya kitabu cha nyimbo, ukurasa tusiouimba.

Saa nane. Saa nane na nusu.
Nikainuka, nikanong'ona kwamba naenda kumtazama ng'ombe.
Kila usiku ng'ombe alikuwa mzima,
akinikodolea kama aliyechoka kujuliwa hali.

Nami ni mzee wa kanisa, Tusekile.
Jumapili nasimama mbele ya Wamoraviani wenzangu
nawaombea wagonjwa kwa majina, na wajane, na wasafiri wa Kyela,
sauti yangu inafika hadi kwenye migomba ya mchungaji.
Nyumbani sala yangu ilikuwa zizini.

Usiku ule nilirudi na matope hadi magotini
nikakukuta umekaa kitandani, tochi ya simu mapajani,
kanga mabegani,
wala hukusingizia usingizi.
"Baba Lutengano," ukasema,
"mimi sijalala tangu Jumatatu."
Ukauchukua mkono wangu, wa baridi, unanuka samadi,
ukauweka karibu na kwapa lako la kushoto.
Kitu kidogo. Kama punje ya hindi.
"Wamekata kipande, wamekipeleka Mbeya, rufaa.
Ile siku niliyokuaga naenda kununua sabuni."

Miaka kumi na saba, mlango mmoja,
tumepishana kila mtu na gunia lake kichwani,
na hakuna aliyemwambia mwenzake: nitue.

Nikaenda kabatini. Nikakupa barua.
Uliisoma mara mbili, kisha ukatazama kitabu, ukatazama ukurasa.
"Umeificha kwenye nyimbo za maziko?"
Ukacheka, Tusekile, kama jina lako linavyodai,
ukacheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi peke yake.

Nilitaka kuomba. Nikayatafuta maneno yangu ya Jumapili,
yale marefu yenye koti na tai,
koo likakauka.
Ukaanza wewe, kwa Kinyakyusa cha bibi yako: Tata.
Sala ambayo watoto huisoma wakiwa wamefumba jicho moja.
Tukafika pale panapoombwa riziki, kwenye neno leo,
ukasimama.
"Leo," ukarudia polepole, kama unaonja chumvi.
"Hakutuambia tuombe ya mwezi wa sita.
Wala ya Alhamisi majibu yakitoka.
Leo, mume wangu."
Ng'ombe akalia nje. Tukasema amina, kwake na kwetu.

Sikuona nuru. Paa halikufunguka.
Ila mvua ikarudi kuwa mvua,
na mkono wako ukawa mzito juu ya kifua changu,
uzito ule wa mtu aliyelala kweli.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeumeza mlima Rungwe wote.
Ulichemsha maziwa. Barua ilikuwa mezani, wazi,
ina duara la kikombe kwenye sahihi ya meneja.
Nikachukua panga, nikaenda kuitazama ile miche sitini.

Alhamisi ilipita. Walisema turudi wiki ijayo.
Deni liko palepale lilipo.
Hofu nayo haijahama; huja saa zake zilezile,
ila siku hizi ikija haimkuti mtu mmoja.
Tumeapizana: anayeshtuka amwamshe mwenzake,
amguse bega, aseme nitue, basi.

Jana usiku uliniamsha saa tisa.
Nilikuwa nakoroma, ukaniambia, kama mashine ya kusaga.
Nikaketi. Nikakupa mkono.
Tukaanza tena, Tata,
tukaenda hadi kwenye leo.