Malenga

Kwenye kofia yake ya kazi jina liliandikwa Caoimhe.
Kijijini walishindwa, akawaambia, "Semeni Kiva.
Herufi saba, na nusu yake zimelala."
Alikuja Mpwayungu na lori la kuchimba kisima
mwezi wa kumi, vumbi limeingia hadi kwenye chumvi.
Mimi nilikuwa mkalimani. Nililipwa kwa siku.

Siku ya tatu mtambo ulikwama kwenye jiwe,
mita sitini na mbili. Tulikaa ubavuni mwa lori tukila karanga.
Akauliza, watoto hapa husoma kwa lugha gani?
Nikamwonyesha shingo yangu.

Hakuna kovu. Mfupa hauachi kovu.
Ulikuwa wa paja la mbuzi, umetobolewa, una kamba ya katani,
na Mwalimu Chidawali, Mgogo kama mimi,
aliyewatukana ng'ombe wake kwa Kigogo kila jioni,
alimvika yeyote aliyeteleza ulimi darasani.
Ili uuvue, ulimvizia mwenzako ateleze.
Nilijifunza kunyamaza vizuri,
na kuchongea vizuri zaidi.
Mimi niliuvaa siku nne kwa neno moja:
nilikuwa na kiu, nikaomba malenga.

Kiva akaacha kutafuna.
Kwao, alisema, kilikuwa kijiti.
Babu wa bibi yake alikivaa shingoni,
na kila neno la Kiairishi alilolisema nyumbani
wazazi wake walikichonga alama.
Asubuhi mwalimu alihesabu alama, akachapa kwa hesabu hiyo.
"Wazazi wenyewe?"
"Wenyewe. Walimpenda. Walitaka apate meli na kazi."

Na sasa?
Sasa imo kwenye katiba, kwenye vibao vya barabarani.
Watoto huisoma miaka kumi na mitatu,
na wengi huiacha kwenye chumba cha mtihani
pamoja na kalamu iliyokwisha wino.
"Lakini dada yangu ana watoto
wanaogombania baiskeli kwa lugha hiyo.
Nikiwasikia wanatukanana, nalala salama."

Nikamuuliza maji wanaitaje.
Uisce. Ishke.
Kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze,
kisha anabadili mawazo.

Ijumaa nilirudi mjini.
Nyemo wangu, darasa la tatu, shule ya Ilazo,
ile ninayoilipia kwa fedha hizi hizi za ukalimani,
alishuka kwenye basi la njano na kitu shingoni.
Kadi ya plastiki. Kamba nzuri, ya bluu.
"Nilisema naomba maji," akasema.
Alikisema Kiswahili,
lugha iliyonivika mimi mfupa,
nayo sasa imevikwa.
Nilitaka kucheka. Nilikata vitunguu.

Kesho yake nikampeleka kwa bibi yake.
Saa nane mchana, mita themanini na moja,
bomba likakohoa, likatema matope,
na mama yangu akatupa kanga kando akipaza sauti:
"Malenga! Malenga!"
Nyemo akanivuta mkono. "Bibi anamwita mshairi?"
Kitabu chake kinasema malenga ni mtunzi bingwa.
Nikamtafsiria mama. Hata mjukuu wake
humfikia kwa kupitia kwangu.
Alicheka mpaka ndoo ikamponyoka.
"Mwambie huyo bingwa anatapika udongo,
asubiri kwanza atakate, ndipo atuimbie."
Kiva alionja kwa kidole. Chumvi kidogo, akasema. Yatafaa.

Jumatatu kadi inarudi shuleni.
Ada nimelipa hadi Juni.
Sijui nitamwambia nini mwalimu wake,
wala kwa lugha gani.

Ila jana usiku kiu ilimwamsha,
akaniita gizani, akaomba,
nami nilikuwa nimeshainuka, kikombe mkononi,
kabla sijatambua ameomba kwa neno lipi.